Kumkosoa Afande Angani

Kapteni aliyenifundisha kazi alikuwa mtu wa kaskazini, mrefu, mwenye mabega mapana kiasi kwamba tukikaa pamoja mbele ya ndege bega lake lililalia langu. Alirusha ndege za jeshi miaka mingi kabla ya kuja kwenye kampuni yetu ndogo inayobeba abiria kutoka Entebbe hadi viwanja vya magharibi. Kampuni nzima ilimwita afande, hata wahasibu. Mke wake alikuwa akimfungia karanga za kukaanga kwenye karatasi, na tangu aliposikia kwamba mumewe ana mwanafunzi msichana, akawa anafunga vifurushi viwili. Kwa hiyo nilianza kula karanga za mama yule kabla sijaonana naye.

Siku ya kwanza hakunipeleka darasani. Alinisimamisha chini ya bawa, kwenye kivuli, akaniuliza swali moja.

"Ukikosea, mimi nitakuambia. Mimi nikikosea, nani ataniambia?"

Nikatazama viatu vyangu. Nilijua jibu analolitaka, lakini mdomo ulikataa. Baba yangu alikuwa askari, na nilikulia kambini Kasese hadi alipofariki, ndipo mama akaturudisha kwao Bwera. Kambini, neno "afande amesema" lilikuwa mwisho wa mazungumzo. Sikuwahi kumsikia mtu akimwambia afande kwamba amekosea. Hata baba, ambaye nyumbani tulimwona mkubwa kama mlima, alikuwa akiinuka kitini kila mkubwa wake akipita nje ya dirisha.

"Nani?" kapteni akarudia.

"Mimi, afande," nikasema kwa sauti ya mtu anayeomba maji.

"Tutaona," akasema, akaenda kukagua magurudumu.

Kazi yenyewe niliiweza. Chuoni nilifaulu vizuri, mikono yangu ilikuwa mitulivu, na viwanja vifupi vya nyasi havikunitisha. Tatizo langu lilikuwa moja, naye aliliona mapema. Tukiruka bila abiria kwa ajili ya mafunzo, juu ya ziwa, alikuwa akifanya makosa kusudi. Siku moja tulikuwa tunajizoeza kutua, lakini juu sana, mahali ambapo kosa halina hatari. Akajifanya amesahau kuteremsha vile vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoisaidia ndege kwenda polepole. Niliona. Nikajua ameona kwamba nimeona. Nikakohoa.

"Una mafua?" akauliza bila kugeuka.

"Hapana, afande."

"Kifua kinakuuma?"

"Hapana, afande."

"Basi mbona unakohoa? Ndege haielewi kikohozi. Hata mimi sielewi. Sema!"

"Vibao, afande."

"Vibao vimefanya nini?"

"Bado viko juu."

"Ndiyo. Kumbe mdomo uko." Akaviteremsha, akanipa kifurushi cha karanga. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alinikaripia na kunilisha kwa mkono mmoja.

Tulipotua alinieleza utaratibu ambao hadi leo naufundisha. Kwanza, sema unachokiona. Ukikosa jibu, sema unachotaka kifanyike, kwa neno fupi. Ukikosa jibu tena, usibembeleze. Sema kwamba ndege ni yako, na uichukue. "Mimi nina masaa ya kuruka mengi kuliko nywele zako," aliniambia. "Lakini masaa hayo hayanisaidii siku ambayo akili yangu imekwenda mahali pengine. Siku hiyo nitakuwa na wewe tu. Ukinyamaza, nitakuwa peke yangu."

Nilielewa. Bado nilikohoa kwa wiki kadhaa.

Mambo yalibadilika Kasese, na aliyeyabadilisha ni mama. Siku hiyo tulileta watalii asubuhi, na tukawa tunasubiri wengine wa kurudi nao jioni. Mama alikuwa amekuja mjini kununua turubai la kuanikia kahawa. Aliposikia kwamba niko uwanjani, akaja na bundu, ule ugali wetu wa muhogo, na samaki wa ziwani aliyefungwa kwenye majani ya ndizi. Anauza maharage soko la Mpondwe, na Kiswahili chake ni cha mpakani, kilekile anachotumia na wateja wake Wakongomani.

Alimsalimu kapteni kwa kuinama kidogo, akamkaribisha chakula, akangoja mpaka ameshiba. Kisha akauliza.

"Afande, mutoto yangu iko anafanya kazi muzuri?"

"Mikono yake mizuri sana, mama. Lakini hasemi. Naweza kuielekeza ndege mlimani, naye atakaa kimya mpaka tuugonge. Ananiogopa."

Mama alinitazama, akamtazama yeye, akaanza kucheka mpaka akashika tumbo.

"Huyu? Huyu hasemi? Afande, nyumbani huyu anasema mpaka kuku zinakimbia! Nikiweka chumvi mingi, anasema. Nikichelewa soko, anasema. Mimi muzazi yake ananigombanisha kila siku!"

Nilitamani ardhi inimeze. Kapteni aliweka samaki chini, akafuta vidole polepole.

"Kumbe," akasema. "Basi mama, nisaidie. Akija likizo, wewe kuwa kapteni. Kosea. Kataa kumsikiliza. Mpaka aseme."

Nilidhani ni mzaha wa watu wazima walioshiba. Mama hakuuchukua kama mzaha. Nilipofika Bwera kwa likizo, nilikuta ameweka viti viwili vya jikoni sambamba, vikitazama mlango wa nyuma. Akakaa kile cha kushoto, akashika mwiko kama usukani.

"Mimi iko kapteni," akatangaza. "Niko nashuka. Niko nashuka tu, mbele naona Mahango." Mahango ndiko shamba letu la kahawa liliko, juu mlimani. Kutoka mlangoni kwetu unauona mteremko wake.

"Mama, acha."

"Hapana mama hapa. Mimi afande. Niko nashuka."

"Afande," nikasema huku nikicheka, "tuko chini sana."

Hakujibu. Alikaza macho mlangoni, akainamisha mwiko zaidi.

"Afande, panda."

Kimya. Sijui alijifunzia wapi uso ule. Ulikuwa uso wa mtu mkubwa ambaye hajasikia chochote na hataki kusikia. Nikajikuta nimenyoosha mgongo kama enzi za kambini, ingawa aliyekaa mbele yangu ni mama yangu mwenye kanga ya jikoni. Kicheko kikaniisha.

"Afande, panda!" nikapaza sauti. Akainamisha mwiko. "Ndege ni yangu!" nikapiga kelele, nikamnyang'anya mwiko.

Jirani yetu, mke wa polisi, akatokea mlangoni akihema, mikono ina povu la sabuni. Alidhani tunapigana. Mama alimweleza kwa Lhukonzo, lugha yetu ya nyumbani, kwamba tumetoka kuponea chupuchupu kufa kwenye ajali ya ndege, na wote wawili wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Kisha jirani naye akataka kuwa kapteni. Likizo ile yote jiko letu lilikuwa chumba cha mafunzo. Mama alibuni hatari ambazo hakuna mwalimu angezifikiria. Kapteni alisinzia. Kapteni aligombana na abiria. Kapteni alikuwa na haraka ya kwenda msibani. Mimi nikasema, nikasema, mpaka yale maneno yakawa mepesi mdomoni kama salamu.

Niliporudi kazini sikukohoa tena. Mara ya kwanza nilipomwambia kapteni wazi, "Afande, kasi imezidi, punguza," aliitikia, "Napunguza, asante," kwa sauti ya kawaida kabisa. Niliona tu kona ya mdomo wake ikitikisika. Kesho yake alinipa ujumbe wa mkewe: nimsalimie mwalimu wa Bwera.

Msimu wa mvua uliofuata, mke wake aliugua. Alilazwa hospitali Kampala. Kapteni hakueleza sana. Alisema tu kwamba mama watoto hajisikii vizuri, kwamba madaktari wanamwangalia. Tulipomuuliza kama anataka kupumzika alisema yuko sawa, na kwa kuwa ni yeye aliyesema, hakuna aliyeuliza mara ya pili. Karanga zilikoma. Nilimwona asubuhi moja amesimama karibu na ndege, mkono kwenye bawa, akitazama tu lami. Nikamwita, naye akageuka na kuagiza mizigo ipangwe, mkali kama kawaida. Nikajiambia kwamba amepona uchovu wake.

Siku hiyohiyo tulikuwa na safari ya Kasese. Ndege ilijaa: watalii wachache, mfanyabiashara mmoja wa kahawa aliyevaa suti, na familia ya daktari anayehamia huko. Kapteni ndiye aliyeirusha, mimi nikishika redio. Njia nzima hakuongea zaidi ya maneno ya kazi. Tulipoliona Ziwa George mbele, wingu jeusi lilikuwa limekaa juu ya Rwenzori, limefunika vilele vyote hadi Kilembe. Mvua ilikuwa bado mlimani, lakini mvua ya mlima ule hutuma upepo wake mbele, ukishuka mabondeni kwa kasi na kugeuka ghafla uwanjani.

Mlinzi wa uwanja alishawafukuza mbuzi, na niliuona mfuko wa upepo, ule wa kitambaa unaoonyesha upepo unakotoka, ukiwa umelala upande mzuri. Tukaanza kushuka. Nusu ya njia, ule mfuko ukaanguka, ukazunguka, ukajaa upande wa pili. Upepo sasa ulikuwa nyuma yetu, ukitusukuma.

"Afande, upepo umegeuka. Uko nyuma," nikasema.

Hakujibu.

Nilifikiri hajasikia kwa sababu ya redio. Tulikuwa juu zaidi ya inavyotakiwa na tulikwenda mbio zaidi ya inavyotakiwa. Uwanja wa nyasi uliolowa mvua ya jana hauisamehe ndege inayokuja hivyo, na mwisho wa uwanja kulikuwa na mtaro.

"Afande, kasi imezidi. Panda."

Kimya. Nikamtazama. Macho yake yalikuwa mbele, mikono yake ilikuwa inafanya kazi, midogo midogo, kwa ustadi wote wa miaka yake. Alikuwa akipigana na ile ndege ili itue. Kuacha hakukuwa tena kichwani mwake. Huo haukuwa uso wa mwalimu anayenijaribu. Nilijua, kwa sababu akinijaribu hutikisa kona ya mdomo, na mdomo ule ulikuwa umekazwa kama jiwe. Chini yetu mwanzo wa uwanja ulipita. Nyasi zikaanza kukimbia, na magurudumu bado yalikuwa hewani.

Sikuwaza kambi. Sikumwaza hata mama. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Ndege ni yangu!"

Nikasukuma mbele mkono wa nguvu za injini, nikashika usukani, nikainua pua. Kwa punje ya muda nilihisi mikono yake kwenye usukani wa upande wake, ikishindana na yangu. Kisha ikaachia. Aliinua mikono yote miwili, viganja vikitazama mbele, nikaiona kwa pembe ya jicho.

"Ndege ni yako," akasema.

Mtaro ukapita chini yetu. Tukapanda. Nyuma mtoto wa daktari alishangilia, akidhani ni mchezo. Nikageuza kuelekea Karusandara, kule uwandani mbali na mlima, juu ya mashamba ya mpunga yaliyokuwa yanang'aa kwa maji. Mafuta yalikuwa ya kutosha. Nikaizungusha ndege pale, duara baada ya duara, nikaongea na abiria kwamba tunasubiri mvua ipite. Sauti yangu ilikuwa tulivu.

Baada ya maduara mawili hivi kapteni akaniambia, taratibu, "Madaktari walipiga simu alfajiri. Wanampasua leo. Sikulala." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Nilikusikia. Nilisikia sauti yako kama inatoka nyumba ya jirani. Sikujua inaniambia mimi."

"Ndiyo, afande."

"Endelea kuirusha wewe. Mimi nitashika redio."

Mvua ilishuka, ikaosha uwanja, ikasogea kusini. Mlinzi alituambia kwa redio kwamba upepo umetulia. Nikatua, mapema kwenye uwanja, polepole, nyasi zikirusha maji pembeni. Naye alinisomea kasi kwa sauti mpaka tuliposimama, kama rubani msaidizi mwema.

Mfanyabiashara wa suti alikuwa wa kwanza kushuka, na alishuka na hasira. Alikuwa na watu wanaomngoja Bwera.

"Kwa nini tulizunguka vile? Tulishafika kabisa chini! Nani alikuwa anaendesha?"

Nilifungua mdomo. Kapteni akanitangulia. Alisimama mbele ya yule bwana, wima, kofia mkononi.

"Mimi ndiye niliyekuwa naendesha vibaya," akasema. "Rubani mwenzangu akaninyang'anya. Ndiyo maana unaweza kunigombeza sasa hivi. Pole kwa kuchelewa."

Yule bwana alimtazama, akanitazama mimi, akaokota mkoba wake, akaenda zake. Abiria walipokwisha, kapteni alitembea hadi mkiani mwa ndege, akakaa huko kidogo. Aliporudi, aliniangalia sawasawa na kuvuta visigino pamoja.

"Asante, afande," akaniambia.

Niligeuka, nikajifanya natafuta kamba ya kufungia ndege.

Jioni ile hakurudi kama rubani. Mwenyewe aliipigia kampuni simu, akaeleza kilichotokea bila kupunguza, akaomba atumwe rubani mwingine. Alirudi Entebbe amekaa nyuma kwenye kiti cha abiria, amefunga mkanda, analala. Simu kutoka hospitali ilikuwa imeshakuja kabla hatujaondoka: mkewe ametoka salama kwenye upasuaji. Niliona mabega yale mapana yakishuka mara moja, kama mzigo umetuliwa. Kampuni haikumwadhibu. Walimpa likizo ya kukaa na mkewe. Baada ya hapo ikawekwa kanuni kwamba kila asubuhi marubani wawili huulizana, uso kwa uso, kama wamelala na kama nyumbani ni salama. Mwanzoni tuliona haya kuulizana hivyo. Siku hizi hatuoni tena.

Alirudi kazini mkewe alipopata nguvu, tukaruka pamoja tena, na kifurushi changu cha karanga kikarudi. Alikuwa wa kwanza kusaini kwamba nastahili kuwa kapteni. Mwaka aliostaafu kurusha, kampuni ilimwomba abaki kufundisha, na sasa yuko darasani, akiwasimulia vijana kisa cha Kasese bila kujificha. Wengine huona aibu kwa niaba yake. Yeye haoni. Huwaambia jinsi macho yake yalivyouona uwanja na kukataa kuona kitu kingine, na jinsi masaa yake yote yalivyokuwa pale, yakimsaidia kufanya jambo baya kwa ustadi mkubwa.

Mwezi uliopita walikuja Bwera, yeye na mkewe, kwa barabara. Ndipo nilipoonana na yule mama vizuri kwa mara ya kwanza. Ni mwembamba, mcheshi, na kwenye shingo ya gauni lake huchungulia kovu ambalo halifichi. Yeye na mama yangu hawana lugha moja ya nyumbani, lakini Kiswahili cha kambini na Kiswahili cha Mpondwe vilikutana mezani na kuelewana. Baada ya chai wakaondoka pamoja kwenda sokoni, wakishikana mikono, wakatuacha mimi na kapteni na kahawa iliyoanikwa uani kwenye turubai.

Alikuwa amesinzia kitini niliposikia sauti ya mvua ikishuka kutoka mlimani. Nilikimbilia turubai, naye akaamka, akaja akikimbia bila viatu. Tulikuwa tumeinua ncha mbili tu, kahawa ikitumwagikia miguuni, wakati mama wawili walipotokea langoni na vikapu vyao vichwani.

"Afande! Si hivyo!" mama alipiga kelele. "Kunja katikati! Katikati!"

"Nakunja katikati, mama," kapteni akajibu, akakunja.

Wote wawili wakaweka vikapu chini, mama akashika ncha ya tatu, mke wa kapteni ya nne. Tukaibeba kahawa yote hadi barazani, wanne, tukigongana mabega, tukafika tumelowa chapachapa. Mama akaingiza mkono kwenye kahawa, akaiona bado kavu katikati, akasema tuko watu wazuri. Kisha akamtuma kapteni achochee moto, maana samaki walikuwa wengi na wageni walikuwa hawajala.